Mfumo Umeshanunuliwa, Bado Kulipa

Jamani, hivi kuna bidhaa nyingine duniani inayouzwa kwa kuficha bei kama mfumo wa kompyuta wa kuendeshea chuo? Unauliza ni shilingi ngapi, unajibiwa "inategemea". Inategemea idadi ya wanafunzi, inategemea moduli (vipande vya mfumo, kama cha ada au cha matokeo), inategemea watumiaji, na nashuku inategemea pia muulizaji amekuja na gari gani.

Haya, tushike hiyo idadi ya wanafunzi. Leseni nyingi zinahesabiwa kwa kichwa. Sawa, kichwa cha nani? Aliyeomba udahili akakosa ana rekodi kwenye mfumo. Aliyeahirisha masomo anayo. Aliyehitimu zile enzi, ambaye leo kazi yake ni kuja kudai nakala ya matokeo, naye yumo. Mkataba ukisema "rekodi za wanafunzi" badala ya "wanafunzi waliosajiliwa katika muhula", chuo cha watu 4,000 kinajikuta kinalipia 15,000, nusu yao wana wajukuu. Halafu mkuu wa fedha anashangaa, wakati kifungu chenyewe kilikuwa ukurasa wa tatu tu!

Kabla ya mkataba kuna siku ya maonyesho. Muuzaji anakuja na kompyuta yake, na mwanafunzi wake wa mfano. Huyo mwanafunzi, maskini, hajawahi kurudia somo, ada kailipa yote siku ya kwanza, hajahama programu ya masomo, na jina lake linaandikwa vilevile kila mahali. Mtu kama huyo chuo gani anasoma? Ukitaka kumwona muuzaji akitafuta maji ya kunywa, mpelekee wa kwako: kahama programu mwaka wa 2, kaahirisha muhula mmoja, amebeba masomo mawili aliyofeli, mfadhili anamlipia asilimia 60 ya ada, na kwenye somo moja ana 39.5 wakati alama ya kufaulu ni 40. Mwambie, ndugu, tutolee nakala ya matokeo na salio la ada la huyu, hapahapa, bila slaidi.

Na hiyo 39.5 si utani. Kuna mifumo inaonyesha 40 kwenye skrini kwa sababu inakadiria namba wakati wa kuonyesha, lakini kwenye hifadhidata imebaki 39.5. Mwanafunzi anaona kafaulu na anashangilia. Ripoti ya seneti, kikao cha chuo kinachopitisha matokeo, inayosoma hifadhidata moja kwa moja, inasema kafeli. Nani atamweleza mzazi?

Zabuni nayo ni vichekesho vya aina yake. Kamati inakesha inaandika mahitaji 400, wazabuni wote wanaweka tiki 400. Basi kazi imekwisha, tuchague mwenye bei ya chini! Tiki ni rahisi, haina kodi. Wangepewa safu nne wajaze: ipo leo, ipo ila inataka mipangilio, haipo mpaka iandikiwe programu, na haipo kabisa. "Itakuwepo kwenye toleo lijalo" inaingia safu ya mwisho, wala tusibembelezane.

Basi mmelipa leseni, mnapumua. Pumueni haraka, maana ada ya matengenezo inakuja, mara nyingi karibu asilimia 20 ya bei ya leseni kila mwaka. Maana yake kila miaka 5 mmeununua tena mfumo uleule. Kama mmekubali ada hiyo ipande asilimia 7 kwa mwaka, mwaka wa 11 mnalipa karibu mara mbili ya mlichoanza nacho. Ukomo wa nyongeza unaombwa kabla ya kusaini. Baada ya hapo unasoma tu ankara.

Wengine wanasema, tuchukue programu huria, ni bure. Ni bure kama mbwa wa kupewa. Seva ya nani, nakala rudufu anachukua nani, na yule kijana pekee anayeielewa akipata kazi kwingine mnafanyaje?

Tuje kwenye kuhamisha data, na hapa nahitaji kukaa. Data zote ziko Excel. Excel ikikutana na namba ya usajili 0045 inaona sifuri ni uchafu, inabakiza 45. Ikikutana na 03/11 inaamua hiyo ni tarehe. Mwanafunzi aliyeingia kama namba anatoka kama siku ya mwezi! Dawa yake ni kuifanya safu iwe ya matini kabla ya kufungua faili, si baada, maana sifuri ikishaliwa na faili likahifadhiwa hairudi. Na Mohamed, Mohammed na Muhammad wenye tarehe moja ya kuzaliwa ni mtu mmoja au watatu? Hilo anaamua msajili. Fundi wa muuzaji atawaunganisha wote awahi ndege.

Kisha kila idara inataka fomu ifanane na ile ya zamani, hadi kile kisanduku ambacho hakuna anayejua ni cha nini. Kinachochongwa hivyo mara nyingi huvunjika toleo jipya likija, na kukirekebisha ni bili nyingine. Wakubwa nao hawakusalimika: mkaguzi wa jimbo la California, Marekani, alipopitia mradi wa kufunga PeopleSoft, mfumo wa aina hii, kwenye California State University mwaka 2003, alikadiria gharama ya dola milioni 662 kwa miaka 9, na akakuta hakukufanyika upembuzi yakinifu. Kampuni yenyewe ya PeopleSoft ilinunuliwa na kampuni nyingine, Oracle, mwaka 2005. Unaoa huku, mahari inahamia kwa mwingine.

Malipo ya mwisho nayo wanayadai siku mfumo "umewashwa". Kuwashwa hata feni inawashwa. Asilimia 20 ya bei ingekaa kwanza mpaka usajili upite, benki na daftari la ada vikubaliane, matokeo yatoke na mahafali yafanyike.

Na siku mkichoka mkataka kuondoka, ulizeni data zenu. Kama mkataba haukutaja muundo wala muda wa kukabidhi, mtaletewa flashi moja yenye PDF 60,000, kila moja ina jina la "ripoti", na ankara ya kazi ya kuzichapisha.