Senda ni Senda, Mzee

Sisi wenye fo-bai-fo kuukuu hapa Nairobi tunachekwa na kila mtu isipokuwa wauza spea. Jirani yangu mwenye kagari kake ka chini huniuliza kwa nini natumia trekta kwenda kununua maziwa. Lakini mvua ikinyesha Ruai na udongo mweusi ukaamka, ni yeye huyohuyo anayegonga mlango wangu saa kumi na moja alfajiri, kamba mkononi: "Jirani mwema, umelala?" Kwa hiyo Suzuki yangu ni mali ya mtaa mzima. Injini yake ikifa, plotini kwetu watu hawaendi kazini.

Basi nikaona bora niwe najua hali ya hiyo injini. Dashibodini oili imepewa kitaa kimoja tu, kile chekundu kilichochorwa kama birika la chai lenye tone puani. Hebu niambieni, birika hilo linamsaidia nani? Swichi yake, katika magari mengi, hungoja presha ianguke mpaka psi 4 hadi 7 (psi ni kipimo cha presha) ndipo iliwashe. Ilhali mafundi wanahesabu kwamba injini inataka kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Sasa wewe uko Thika Road, injini inazunguka 3,000, presha imebaki 12. Bearingi zinasagana huko chini, birika limelala fofofo. Likija kuwaka halikuonyi. Linakutangazia msiba.

Nikashuka Kirinyaga Road, ambako watu wa rika langu bado tunakuita Grogan. Ukienda Grogan usitaje unachotafuta kwa sauti. Mimi nilimnong'onezea mtu mmoja tu kwamba nataka geji ya presha ya oili, na kabla sijavuka barabara nilikuwa na msafara. Kijana mmoja ameshika geji ya upepo wa tairi, mwenzake ana mita ya maji ambayo sina shaka kuna nyumba mahali imekauka kwa sababu yake. "Mkubwa, hii pia inapima presha!"

Duka nililoingia lilikuwa na geji nzuri kweli, ya Kimarekani, mshale mweupe, mgongo wa chuma. Ila boksi lilikuwa na geji peke yake. Muuzaji akaingia ndani, akapekua, akarudi na senda, kile kifaa kinachofungwa kwenye injini kuipelekea geji habari za presha kwa waya, kutoka boksi lingine la rangi nyingine.

"Hii ndiyo senda yake?"

"Senda ni senda, mzee."

Akaniongezea na kibanda cha plastiki cha kukalishia geji juu ya dashibodi. Kina matundu matatu ya milimita 52. Geji ni moja. Nilipouliza hayo mengine ni ya nini, akasema kibanda cha tundu moja hakipo Nairobi nzima.

Fundi wangu yuko Kariobangi, chini ya mti. Ni mtu mwema, hanywi, hadanganyi sana, ila ana imani kubwa mno katika nguvu. Bloku, yaani mwili wa injini, katika magari ya Kijapani kama langu hutumia uzi wa mabomba wa Kiingereza, uzi 28 kwa inchi. Senda niliyouziwa ilikuwa na uzi wa Kimarekani, 27 kwa inchi. Kwa macho vinafanana kabisa, hata ukiingiza kwa vidole inakubali mizunguko miwili mitatu ndipo inagoma.

"Mzee, tofauti si ni moja tu?" fundi akaniambia, huku anaivisha spana bomba refu la kuongezea nguvu. "Itajikatia njia yenyewe."

Itajikatia njia kwenye bloku! Uzi wa bloku ukichanika, oili yote inamwagika Outering Road na mimi naifuata kwa miguu. Nilimnyang'anya ile spana nikaikalia mpaka akatulia. Tukapeleka kipimo kwa jamaa mwenye mashine ya kukereza vyuma, akatuchongea kiungo: upande mmoja Uingereza, upande mwingine Marekani. Akatutolea pia tawi la kurudishia swichi ya birika, maana sikutaka kulifukuza kazi.

Fundi alitaka senda ining'inie palepale kwenye bloku. Nikakataa tena. Senda ni nzito, injini inatikisika, na barabara zetu mnazijua. Kiungo kitavunjika shingoni siku moja na sitaki iwe siku ya mvua. Tukaifunga kwenye bodi, oili ikaifuata kwa mpira mgumu wa presha, na waya mmoja wa kurudisha umeme kwenye chasisi. Hapo nikamsifu fundi, kazi ilikuwa safi.

Akaweka ufunguo, akazungusha hatua moja bila kuwasha. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa geji.

"Ona presha hiyo!" akapiga makofi.

"Fundi, injini haijawashwa."

"Ndiyo maana. Bado haijachoka."

Akawasha. Mshale ukashuka. Akakanyaga mafuta, ukashuka zaidi. Kadiri injini ilivyonguruma ndivyo geji ilivyokata tamaa, na vijana wote wa gereji wakaja kutazama gari linaloishi kinyume.

Kumbe senda ile ilikuwa ya mtindo wa Ulaya: pasipo presha ukinzani wake wa umeme ni ohm 10, presha ikipanda inakwenda mpaka 180. Geji ya Kimarekani nayo imefundishwa tofauti, sifuri kwake ni ohm 240 na presha ikijaa inatarajia 33. Ni kama umekutanisha watu wawili, mmoja akisema ndiyo mwenzake anasikia hapana. Nikarudi Grogan nikamweleza muuzaji, akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza, "Lakini si inasoma, mzee? Wewe isome kinyume." Kubadilishiwa nikabadilishiwa, baada ya kuongeza pesa ya "usumbufu". Usumbufu wa nani, hakufafanua.

Sasa geji inasema kweli, na hapo ndipo nyumba yangu ilipoharibika. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, mshale unakaa 60 na sote tuna furaha. Tukifika kwenye foleni ya Donholm, oili imepata moto imekuwa nyepesi, pampu inazunguka polepole, mshale unateremka mpaka 15. Ni kawaida kabisa. Lakini mama watoto, anayekaa kushoto na hana kazi nyingine, ndiye mwangalizi mkuu.

"Baba watoto, kinashuka!"

"Kiache kishuke."

"Kimefika ishirini! Zima gari!"

"Nizime katikati ya Donholm?"

Juzi tulikuwa tumembeba mama mkwe. Amelala kiti cha nyuma, akasikia binti yake akipiga kelele kwamba presha imeshuka. Hakuuliza ya nani. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake, akaninyooshea kimoja begani pamoja na chupa ya maji. Na kwa kuwa ni mama mkwe, mnataka ningekataa vipi? Nilikishika mkononi mpaka Umoja, naendesha kwa mkono mmoja, nikisema ahsante mama.

Na yale matundu mawili ya kibanda, fundi alikuwa ametoboa dashibodi nyuma yake kupitishia nyaya. Kitinda mimba wetu amegundua kwamba ganda la njugu ukilitia pale halionekani tena. Amekuwa akila njugu kwa bidii. Jana nikafungua feni ya hewa, maganda yakatoka mpaka kwenye tai yangu. Fundi anasema kuyatoa yote lazima ang'oe dashibodi nzima, na anauliza nitalipeleka gari Jumamosi au alifuate mwenyewe leo jioni.