Maji ya Mzazi Yanatokea Dohanini

Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima, alhamdulillahi. Nyumba yetu hapa Wete, Pemba, sasa ina mzazi, na mnajua nyumba yenye mzazi inavyokuwa. Alfajiri maji, magharibi maji. Shangazi ndiye mkandaji, na shangazi hataki kusikia habari ya maji ya vuguvugu. Anataka ya moto, yenye majani yake ndani. Anachovya kitambaa, anakamua, anakanda mgongo, nyonga na tumbo mpaka mdogo wangu analalama. Mara mbili kwa siku, mpaka arobaini.

Asubuhi ya tatu nilitoka uani nikakuta mioto miwili. Mmoja uko kwenye jiko la udongo lenye dohani, tulilojengewa mwaka juzi, juu yake uji wa pilipili manga wa mzazi. Wa pili uko kwenye mafiga, hatua tatu pembeni, juu yake sufuria kubwa la maji ya kukandia. Shangazi kainamia mafiga anapuliza kuni za mkarafuu zilizorowa mvua ya usiku, machozi yanamtiririka, kifua kinambana. Na pale pale, usawa wa bega lake, bomba la bati la dohani lina joto kiasi kwamba tone la mvua likiliangukia linalia "chwaa" na kupotea.

Nilisogeza kiganja shibiri moja kutoka kwenye bati. Sikufika kumi katika kuhesabu, nikauondoa mkono. Joto lote lile tumekwisha kulilipia kuni, linapanda juu linakwenda zake, na mtu mzima aliyetulea sote anapiga magoti hatua tatu pembeni kulitafuta upya.

Hasira iliyonishika ina historia. Jiko lile lilipojengwa tuliitwa kwenye mafunzo ya siku moja. Nikanyanyua mkono nikauliza: huu moshi unaotoka na moto wake, kwa nini tusiupitishe kwenye maji kabla haujatoka? Yule mtoa mafunzo akanijibu mbele ya watu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, watu wa huku tukipata dohani inatosha, na joto la dohani halina kazi nyingine ila kuvuta moshi. Nikakaa kimya. Najuta kukaa kimya, kwa sababu hayo mambo ya Ulaya nimeyashika kwa mikono yangu.

Niliishi Uingereza miaka sita, na minne kati ya hiyo nilikuwa msaidizi wa fundi wa maboila, yaani mashine za gesi za kupasha maji yanayozunguka nyumbani, mjini Leicester. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushusha boila kuukuu na kupandisha jipya. Lile kuukuu la chuma cha kusubu lilitubidi kulibeba watu wawili, na bomba lake la moshi lilikuwa la chuma, maana moshi ulitoka na moto wa kuchoma ngozi. Siku ya kwanza nilipoona boila jipya linafungwa bomba la moshi la plastiki nilidhani fundi amekosea. Plastiki kwenye moshi wa gesi? Akawasha, akasubiri, akaniambia niliguse. Nililishika kama unavyoshika kikombe cha chai.

Siri yake ni hii. Gesi ya majumbani kule ikiungua inazaa maji mengi kuliko mtu anavyodhani, karibu kilo moja na nusu kwa kila mita moja ya ujazo, na maji hayo yanatoka na moshi yakiwa mvuke. Boila la zamani liliuacha mvuke ukaenda zake. Jipya linaurudisha moshi upite kwenye mabomba ya maji yanayorudi yakiwa yamepoa baada ya kuzunguka nyumba. Maji hayo yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unageuka matone, na kila tone linapozaliwa linaacha joto lililokuwa limefichika ndani yake. Joto hilo la mvuke peke yake ni kama asilimia kumi ya nguvu yote ya gesi. Boila kuukuu lingeweza kutumia asilimia 60 au 70 tu ya moto wake. Hili linafika 90. Ndiyo maana tangu Aprili 2005 sheria za ujenzi za Uingereza zinataka boila la gesi linalofungwa nyumbani liwe la namna hiyo, isipokuwa pale inaposhindikana kabisa.

Hata mawazo yenyewe si ya jana. Edward Green wa Wakefield, Uingereza, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1845 ya mabomba yaliyowekwa njiani mwa moshi wa viwandani ili kuyapasha maji kabla hayajaingia kwenye boila. Mwaka huo Seyyid Said bado yuko hai, anatawala Unguja. Jambo la umri huo haliwezi kuitwa jipya mno kwa watu wa Pemba, na akili ya kuliona haihitaji pasipoti. Mama zetu walijua zamani kwamba birika huwekwa ubavuni mwa moto wa kupikia, likapata chai bila kuni za ziada. Ni jambo lile lile.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba yule mtoa mafunzo alikuwa na nusu ya ukweli. Joto ndilo linalouvuta moshi juu. Ukilinyonya lote, moshi utarudi jikoni. Na kuna jingine ambalo hakulisema, zito kuliko hilo: moshi wa kuni si moshi wa gesi. Una lami ndani yake. Ukiupoza kupita kiasi lami inaganda kwenye bomba, inajenga ukoko mweusi unaong'aa, na ukoko huo siku moja hushika moto. Kwa hiyo yale matone ya Leicester hatuyataki hapa. Kinachotufaa ni ule mpango wenyewe, kwamba kitu baridi zaidi ulichonacho kikutane na moshi kabla haujaondoka, halafu uuache utoke ukiwa bado na nguvu ya kupanda.

Basi nikaenda kwa fundi bati. Mzee ana karakana ndogo, anatengeneza mabakuli ya kuogea, seredani na mifereji ya mapaa. Nilimwamkia, nikamweleza, akachora chini kwa msumari. Tukachukua pipa dogo la bati, la kuingia lita 20, tukalitoboa chini na juu, akapitisha katikati kipande cha bomba la chuma chenye upana wa dohani, akachomelea pembezoni. Pipa linavaliwa na dohani kama bangili kwenye mkono. Moshi unapita ndani ya bomba, maji yanalizunguka, na juu pana mdomo mpana wa kuchotea kwa kata.

Mdomo huo hauzibwi. Nalirudia hili kwa sababu nimeona maboila yenye vali mbili za usalama na bado fundi wangu akiyaheshimu kama mnyama: maji yanayopashwa moto ndani ya chombo kilichozibwa ni bomu. Usipige kifuniko cha kukaza, usifunge skurubu, usiweke jiwe juu. Kipande cha ubao kilicholazwa tu kinatosha kuzuia vumbi. Na maji yasiishe moto ukiwaka, maana bati tupu litapinda na viungo vitaachia.

Kipimajoto nilirudi nacho, kile chenye sindano ndefu. Kabla ya pipa, moshi mwanzoni mwa dohani ulikuwa nyuzi 290. Baada ya pipa unatoka na 170. Bado unapanda vizuri, jikoni hapana moshi. Maji yaliyoingia na nyuzi 28 yanafika 60 kabla uji na maharage havijateremshwa, na 60 ni moto wa kuunguza, shangazi anayapunguza na ya mtungi kabla hajamgusa mzazi.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu watu wananiambia "kwani umeokoa nini?" Kuzipandisha lita 20 kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunataka kama kilojuli 2,700. Mafiga ya wazi hutia ndani ya sufuria sehemu ndogo sana ya moto, tuseme asilimia 15, mengine yote ni upepo na moshi. Kwa kuni kavu hiyo ni zaidi ya kilo moja kila mara. Mara mbili kwa siku, siku arobaini, inakaribia kilo 95 za kuni kwa mzazi mmoja. Kuni mbichi ni mbaya zaidi, kwani karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unamaliza nguvu zake kuyachemsha hayo kwanza. Kilo 95 ni safari ngapi za mwanamke na mzigo kichwani? Ni matawi mangapi ya mkoko?

Mikoko nimeitaja kwa makusudi. Nilipokuwa skuli tulikuwa tukipita hori moja huku kwetu ambayo ilikuwa kijani mpaka majini. Mwaka jana nimeipita, visiki vimesimama kwenye tope kama meno. Hakuna aliyekata mikoko ile kwa ubaya. Imekatwa chungu kwa chungu, sufuria kwa sufuria, na mimi ninasema sufuria la maji ya moto tungeweza kuliondoa katika hesabu hiyo bila mtu kukosa chochote.

Najua mtaniuliza kuhusu gesi ya mtungi. Ni bora, sibishi. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia pale Paris, Mei 2024. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ifike, inshallah. Lakini mdogo wangu amejifungua sasa, na shangazi anakohoa sasa. Na mwenye mtungi naye aangalie miale inayolamba pembeni mwa sufuria yake: ile imelipiwa.

Jua? Jua lipo na ni la bure, dumu jeusi juu ya bati linafika mchana na maji mazuri. Mzazi anakandwa alfajiri, na masika jua halionekani.

Umeme wa kuchemshia maji unatufikia kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na sioni haja ya kuuvusha bahari kuja kutafuta joto ambalo tunalitoa dohanini. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli, na injini ya dizeli hutoa na moshi wake kama theluthi moja ya nguvu ya mafuta. Wenye mahoteli kule Unguja nao wasimame nyuma ya mashine zao za kipoza hewa, waone upepo wa moto unaotupwa nje huku ndani hita inachemsha maji ya kuoga.

Niwaombe jambo moja kabla sijasahau, na hili naliomba kwa dhati. Nyumba zenye mzazi mnaweka seredani ya makaa chumbani, wengine chini ya kitanda, milango imefungwa ili upepo usimpige mtoto. Makaa hayana moshi wa kuonekana, ndiyo maana mnayaamini. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala nayo asiamke. Itoeni seredani ile. Kama mnataka chumba kiwe na joto, jazeni chupa maji ya moto, zifungeni kanga, ziwekeni miguuni mwa mzazi, mbali na mtoto. Sisi tunafanya hivyo kwa maji ya pipa.

Pipa lenyewe lina kasoro. Kiungo cha chini kilivuja wiki ya kwanza, maji yakateremka kwenye jiko na kuulainisha udongo, fundi bati akarudi kuchomelea upya. Masizi yanajaa ndani ya bomba, na kila Ijumaa nalivua nalisugua kwa makumbi na mchanga, maana unene wa masizi kama ganda la yai unatosha kulizuia joto lisiyafikie maji. Mvua ya juzi ilipoingia dohanini tuligundua inataka kofia. Hakuna hata moja katika hayo lililomshinda mzee mwenye nyundo na msumari.

Mafiga ya pili hayajawashwa kwa siku kumi na nane. Jana shangazi ameniita, "Mwanangu, hili pipa haliwezi kutiwa bilula huku chini?" Anataka bibi apate maji ya kutawadhia alfajiri bila kunyanyua kata hadi juu, mkono wake wa kulia haunyanyuki vizuri tena. Nimezunguka maduka mawili hapa Wete, bilula zote nilizoziona ni za plastiki, na karibu na dohani ile zitalegea. Kesho nakwenda Chake kutafuta ya shaba.