Bandi si mshono tu

Kwa sisi mafundi cherehani, bandi ni ule mshono mrefu wa kushikiza kitambaa kabla hujakipitisha mashineni. Unapiga bandi, mteja anajaribu nguo, mkiridhika unashona yenyewe kisha unafumua uzi. Kwa miaka ishirini ya kazi yangu hapa Kampala sikujua kwamba neno hilo lina maana nyingine, mpaka siku mteja wangu wa mtaa wa Kisenyi, mama wa Kisomali anayeniletea vitambaa vya harusi, aliponionyesha video kwenye simu huku nikimpima mabega. Vijana wamevaa kofia ngumu, wanaserereka juu ya barafu, fimbo mikononi, wanafukuza kampira kadogo.

"Hao watoto wetu," akasema. "Mmoja rafiki wa mpwa wangu. Mchezo unaitwa bandi, fundi."

Timu ile iliundwa na vijana wa Kisomali waliokimbilia Sweden na kukaa katika mji wa Borlänge. Mwaka 2014 wakaenda Irkutsk, kule Siberia, wakacheza mashindano ya dunia kwa jina la Somalia. Walikuwa na muda mfupi tu tangu wavae viatu vya barafu kwa mara ya kwanza. Wakafungwa mabao mengi, wakarudi, wakaendelea na mazoezi. Nilimwomba mama yule anirudishie video mara tatu. Kilichonigusa kuliko baridi na barafu ni kwamba wale walikuwa watu wazima wanaojifunza kusimama upya. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, presha imeanza kupanda, na mgongo haukubali kunyooka ninapotoka kwenye mashine jioni.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ni watu 11 kila upande, uwanja wa barafu wenye ukubwa unaokaribia ule wa kandanda, vipindi viwili vya dakika 45. Wengi huudhani kuwa hoki ya barafu. Hoki ya barafu hutumia kisahani bapa na uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta, na kugongana miili ni sehemu ya mchezo. Bandi ina mpira wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 63 hivi, mdogo kidogo kuliko ule wa tenisi, na fimbo iliyopinda mwishoni. Huruhusiwi kuinua fimbo kupita bega wala kupiga mpira kwa kichwa. Golikipa hashiki fimbo, anadaka kwa mikono. Wachezaji wa akiba huingia na kutoka wakati wowote. Ulikulia Uingereza, kwenye mabonde ya mashariki yaliyokuwa yakiganda wakati wa baridi, na leo wenyewe hasa ni Sweden, Urusi na Finland. Wanawake wana mashindano yao ya dunia tangu 2004, na hilo nililipenda sana.

Sasa nami naucheza na wenzangu hapa mtaani, na najua mtu atauliza barafu ya Uganda iko wapi. Iko Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya bahari, na hata hiyo inayeyuka mwaka hadi mwaka. Hatuhitaji kwenda huko. Tunacheza kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa netiboli, kwa viatu vya magurudumu vya mitumba kutoka soko la Owino na fimbo alizotuchongea seremala jirani yangu. Mpira ni wa tenisi, magoli ni madumu manne ya maji. Watu watano au sita kila upande. Aliyekosa magurudumu anavaa raba na anacheza vilevile.

Sasa nieleze kwa nini nauona mchezo huu kuwa dawa ya watu wanaofanya kazi wameketi. Mwenye magurudumu haendi mbele kama mkimbiaji. Anakunja magoti, anashusha nyonga, anasukuma mguu pembeni, kisha mwingine. Kazi kubwa inafanywa na misuli ya makalio, mapaja na kiuno, ileile inayolala kutwa nzima kwenye kiti. Mguu hautui kwa kishindo, unateleza, kwa hiyo magoti yangu, ambayo yaligoma nilipojaribu kukimbia kando ya barabara, yaliukubali mwendo huu. Na kwa kuwa umeinama kidogo huku mikono ikifanya kazi ya fimbo, misuli ya tumbo na mgongo hailali hata dakika moja. Miezi mitatu ya kwanza nilijifunza nimeshika nguzo ya netiboli. Mwezi wa nne niliinua beseni la nguo zilizolowa bila kushika kiuno, nikabaki nimesimama nalo pale uani nikishukuru.

Moyo nao unapata fungu lake. Unatimua mbio kwa nusu dakika, unatoka, unapumua, unaingia tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Sisi tunacheza mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara. Hata ukitoa mapumziko na muda wa kuutafuta mpira kwenye majani, umekaribia sana, na hukuhesabu dakika hata moja kwa uchungu. Aprili 2020, wakati wa karantini, Rais Museveni alijirekodi akifanya mazoezi ndani ya nyumba ili watu wasitoke kukimbia barabarani, na nchi nzima ikaanza kupiga pushapu sebuleni. Wangapi bado wanaendelea? Mazoezi ya peke yako yanakuachia nafasi ya kujihurumia. Mchezo wa timu una watu wanaokungoja na simu inayolia saa kumi jioni: uko wapi?

Lakini kama ningelazimika kuchagua, ningeuacha mwili niseme juu ya akili. Watu hudhani fundi cherehani anapumzisha kichwa kwa sababu kazi yake ni ya mikono. Ni kinyume chake. Mikono ikishaijua kazi, kichwa kinabaki hakina kazi, na kichwa kisicho na kazi kinakwenda kwenye ada ya muhula, kodi ya chumba, mteja aliyechukua nguo kwa ahadi. Nashona pindo la mita nne, na kwa mita zote nne nimegombana moyoni na watu ambao hata hawapo. Jioni nilikuwa nachoka kwa mawazo kuliko kwa kazi.

Uwanjani haiwezekani. Mpira ni mdogo na una kasi, unadunda pasipotarajiwa, na miguu yako yenyewe inahitaji kuangaliwa. Ukiwaza kodi kwa sekunde moja, mpira umepita. Sijui njia nyingine, ukiacha sala, inayonipa nusu saa nzima bila kodi kichwani. Usiku ule nalala mpaka alfajiri.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wenzangu, makarani na wanaoshinda kwenye kompyuta watalielewa. Macho yetu yanaishi umbali wa mkono mmoja. Kutwa nzima hayaoni mbali kuliko sindano. Bandi inakulazimisha uinue kichwa, utazame upande wa pili wa uwanja, umwone mwenzako aliye peke yake kabla hujapiga. Wiki za mwanzo nilikuwa nautazama mpira tu, na kila mara niliupoteza. Nilipozoea kutazama mbali, kitu fulani kililegea kifuani. Sina neno la kitaalamu la hali hiyo.

Sisemi kwamba mchezo unachukua nafasi ya daktari. Mtu aliyezama kwenye huzuni isiyoondoka aende hospitali, na tuache kabisa kulitaja jina la Butabika, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kama tusi, kwa sababu huko watu wanatibiwa. Mwenye presha kama mimi apimwe kwanza. Na kofia ngumu na vilinda magoti si mapambo. Saruji haina huruma.

Kinachoniuma ni viwanja. Msichana wa Uganda anacheza netiboli mpaka anamaliza shule, halafu basi. Baada ya hapo anabaki na harusi, misiba, kanisa au msikiti, na kazi. Shule iliyo karibu nasi ina sakafu nzuri ya saruji inayokaa bure kila Jumamosi na Jumapili, na ilituchukua miezi mitano ya barua na kubembeleza hadi tukafunguliwa geti kwa saa mbili. Mwanamke wa miaka arobaini anayeomba mahali pa kucheza anatazamwa kama anayeomba kitu cha aibu. Ningependa kila shule yenye sakafu kama hiyo iifungue jioni moja kwa wiki kwa watu wazima wa mtaa. Na ningependa mchezo uwe huu, kwa sababu hakuna kwetu aliyekua nao. Kwenye kandanda kuna mabingwa wa mtaa wanaokuonyesha kwamba umechelewa. Kwenye bandi sote tumeanza siku moja.

Jumapili iliyopita mama wa Kisenyi alikuja kuchukua nguo, nikamwambia duka limefungwa, anifuate uwanjani. Alikaa pembeni kipindi chote cha kwanza. Kipa wetu alipoitwa nyumbani, nilimkumbusha mama yule kwamba golini hakuna fimbo, na kwetu hata magurudumu kipa havai. Alikunja mikono ya gauni, akasimama kati ya madumu mawili. Mpira wa kwanza ulipita. Wa pili aliudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia, akawa hataki kuurudisha, anauliza nani aliyepiga picha ampelekee mpwa wake Borlänge.