Kuunganisha majukwaa ya utafiti wa ramani: faida ipo, bili nayo ipo

Mtafiti wa maji nchini Marekani akishaweka data zake HydroShare, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CUAHSI, muungano wa vyuo na taasisi za sayansi ya maji, halazimiki kuzipakua ndipo afanye kazi. Anabofya kitufe, anachagua CyberGIS-Jupyter for Water, jukwaa la kuchakata data mtandaoni la timu ya Chuo Kikuu cha Illinois, na mafaili yale yale yanafunguka upande wa pili, tayari kwa modeli za kukadiria mtiririko wa mito. Hifadhi iko huku, mashine ziko kule.

Utamu wake anaujua zaidi mwenye intaneti ya kubahatisha. Picha moja ya satelaiti za Ulaya za Sentinel-2, eneo la kama kilomita 110 kwa 110, yaweza kukaribia gigabaiti 1. Kufuatilia bonde moja msimu mzima kunataka makumi ya picha hizo. Bando linakata hesabu haijaanza. Ndiyo maana Digital Earth Africa, mradi wa data za satelaiti za Afrika, nayo imeweka picha za bara zima kwenye seva za Cape Town na kuwapa watafiti mazingira ya Jupyter, yaani daftari la kuandika na kuendesha msimbo kwenye kivinjari, wachakate huko huko. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye kiungo chenyewe. Majukwaa mawili yana mafundi tofauti, na kila upande unasasisha programu kwa wakati wake. Chukua GDAL, maktaba inayotegemewa na programu nyingi mno za ramani. Toleo lake la 3, la mwaka 2019, lilianza kutanguliza latitudo katika EPSG:4326, mfumo wa kutaja mahali kwa latitudo na longitudo, pale ambapo wengi walizoea longitudo ianze. Msimbo wa zamani ukihamishiwa kwenye jukwaa lenye toleo jipya bila kurekebishwa, Dar es Salaam yaweza kuangukia magharibi mwa Hispania, jirani na Ureno. Na usitegemee onyo jekundu. Ramani inachorwa vizuri tu.

Halafu kuna fedha. XSEDE, mradi uliowafikisha watafiti wa Marekani kwenye kompyuta kuu tangu 2011, ulifungwa 2022, ACCESS ikashika nafasi yake. Huo angalau ulipata mrithi. Kiungo kidogo kilichoandikwa kwa ruzuku ya miaka michache nani atakirithi?

Kwa hiyo naunga mkono kuunganisha majukwaa, kwa masharti. Akaunti moja ya kuingilia kote, sawa. Lakini orodha ya matoleo ya programu isafiri pamoja na data, na kila jukwaa liweze kusimama peke yake. HydroShare imepatia hapo: mashine za Illinois zikizimika leo, data bado zinapakulika, na zilizochapishwa rasmi zina DOI zake, yaani vitambulisho vya kudumu vya mtandaoni.