Chale tatu gotini: upasuaji wa kuigiza unastahili kueleweka

Kila mmoja wa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa aliandika kwa mkono wake, katika faili lake la matibabu, kwamba anafahamu huenda akafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, kwamba ikiwa hivyo goti lake halitaguswa kwa ndani, na kwamba upasuaji huo hautamtibu. Ndipo alipokubaliwa kuingia katika utafiti. Hiyo ilikuwa hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Houston, Marekani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2002 na daktari bingwa wa mifupa Bruce Moseley na wenzake.

Naanza na maandishi hayo kwa sababu wanaopinga tafiti za aina hii karibu kila mara huanza na neno "udanganyifu". Huuona kuwa upasuaji hewa: mtu anachanwa, anashonwa, anarudishwa wodini, na hakuna kilichofanyika. Ukilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza moyo unagoma, na simlaumu yeyote ambaye moyo wake umegoma. Lakini mgonjwa aliyeandika maneno yale hakudanganywa. Aliambiwa jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kwamba daktari hajui kama tiba hii inasaidia, na kwamba anataka kujua.

Tiba yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kamera nyembamba inapitishwa ndani ya goti lililochakaa, kiungo kinaoshwa kwa maji ya chumvi, na gegedu iliyochakaa, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, inakwanguliwa na kulainishwa. Wakati huo, kwa Marekani peke yake, watu zaidi ya 650,000 walikuwa wakifanyiwa hivyo kila mwaka, kwa gharama ya takriban dola 5,000 kila mmoja. Moseley aliwagawa wagonjwa wake kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilioshwa goti na kukwanguliwa, la pili likaoshwa tu, la tatu likapata chale tatu za ngozi na basi. Kwa hao wa tatu daktari aliitisha vifaa kama kawaida, akalikunja na kulinyoosha goti, maji yakamwagwa ili sauti isikike, na mgonjwa akalala hospitali usiku ule kama wenzake. Kwa miaka miwili walipimwa maumivu na uwezo wa kutembea na kupanda ngazi. Hapakuwa na kipimo hata kimoja ambapo waliopasuliwa kweli waliwazidi walioigiziwa.

Wengi wakifika hapa husema: basi ni imani tu iliyowaponya. Imani ina sehemu yake, lakini kuna sababu nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Mtu mwenye goti bovu haendi kumwona daktari wa upasuaji siku goti limetulia. Anakwenda siku limemzidi, ameshindwa kulala, ngazi zimekuwa mlima. Maumivu ya aina hii hupanda na kushuka, na aliye kileleni njia yake ya karibu ni kushuka. Ukimpasua siku hiyo, miezi mitatu baadaye atakuwa nafuu, na wewe na yeye mtaushukuru upasuaji. Hakuna anayedanganya hapo. Daktari ameona kwa macho yake, mgonjwa amehisi kwa mwili wake, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea.

Hili linaonekana wazi zaidi katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013. Watu 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, ambao mto wa gegedu ulio ndani ya goti ulikuwa umechanika kwa uchakavu, waligawanywa: wengine wakakatwa sehemu iliyochanika, wengine wakaigiziwa. Baada ya mwaka mmoja makundi yalilingana katika kila kipimo kikuu. Kisha wakaulizwa kama wangekubali kufanyiwa tena upasuaji uleule waliopewa, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi, katika makundi yote mawili, walisema ndiyo. Tukumbuke hilo kila tunapoletewa ushuhuda wa mgonjwa aliyeridhika kama uthibitisho wa tiba. Kuridhika kwake ni kwa kweli, ila hakutuambii ni nini kilichomsaidia.

Magonjwa ya macho yana somo linalokaribiana na hili, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Upo ugonjwa ambao waweza kuuita kiharusi cha neva ya jicho: mtu mzima anaamka asubuhi, jicho moja limefifia, bila maumivu yoyote, kwa sababu damu imepungua kwenye kichwa cha neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Mwaka 1989 zilitoka ripoti za kwanza za kutia moyo kwamba ukipasua ala inayoizunguka neva hiyo ili kupunguza shinikizo, baadhi ya wagonjwa hurejewa na uwezo wa kuona. Upasuaji ukaenea haraka. Nani angesubiri? Ilidhaniwa kwamba jicho likishapigwa hivyo ni nadra kupona lenyewe, kwa hiyo kila aliyepata nafuu alihesabiwa kuwa ushindi wa kisu.

Ulipofanyika utafiti wenye kundi linganishi, ukiwa na wagonjwa 244, uandikishaji ulisimamishwa mwaka 1994 kabla ya muda, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Miezi sita baada ya kuanza, asilimia 32.6 ya waliopasuliwa walikuwa wameongeza mistari mitatu au zaidi kwenye ubao wa herufi. Kwa waliofuatiliwa tu bila kupasuliwa, walioongeza kiasi hicho walikuwa asilimia 42.7. Upande wa hasara, waliopoteza mistari mitatu au zaidi walikuwa asilimia 23.9 ya waliopasuliwa, na asilimia 12.4 ya wasiopasuliwa.

Takwimu hizi nimezirudia mara nyingi na bado zinanisumbua. Si ile 23.9 peke yake. Kwa idadi ile ya wagonjwa haiwezekani kuapa kwamba tofauti yote ililetwa na kisu, na watafiti wenyewe hawakwenda mbali zaidi ya kusema kuwa upasuaji hausaidii na huenda unadhuru. Kinachonisumbua ni ile 42.7. Watu zaidi ya wanne katika kila kumi walipata nafuu kubwa bila kuguswa, katika ugonjwa ambao ilidhaniwa haurudi nyuma. Maana yake ni kwamba daktari mwaminifu, mwenye mikono mizuri, angeweza kuwapasua wagonjwa 100, akaona zaidi ya 30 wakipata nafuu, akaondoka na hakika ya maisha yake yote kwamba anaokoa macho, ilhali wangeachwa huenda zaidi ya 40 wangepata nafuu. Uzoefu wake usingemwonyesha kosa. Ungemwongezea ujasiri mwaka hadi mwaka.

Katika utafiti huo hakuna aliyeigiziwa upasuaji, na hapo wapinzani wana hoja: kama uliwezekana kwa macho, kwa nini goti lihitaji chale za uongo? Jibu langu ni kwamba herufi za ubaoni ni shahidi mgumu kiasi. Ama umeusoma mstari au hukuusoma. Maumivu hayana ubao. Kinachopimwa ni maneno ya mgonjwa, na maneno hayo hubadilika akijua kwamba amepasuliwa au ameachwa. Utafiti wa Uingereza wa upasuaji wa bega, wenye wagonjwa 313, ulilionyesha hilo kwa kuwa na makundi matatu: waliokwanguliwa mfupa juu ya bega, walioingiziwa kamera bila kukwanguliwa, na ambao hawakutibiwa kabisa. Makundi mawili ya kwanza yalilingana, na yote mawili yalilipita kidogo lile la tatu. Kama kundi la kati lisingekuwepo, tungesoma kwamba kukwangua mfupa kunasaidia.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao una watu makini. Mtaalamu wa maadili ya tiba Ruth Macklin aliandika mwaka 1999, akizungumzia upasuaji wa kuigiza kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwamba kumweka mtu katika hatari ya upasuaji usiokusudiwa kumfaa ni kuvunja wajibu wa kupunguza madhara. Hoja hiyo haina njia ya mkato. Kidonge cha plasebo, yaani kidonge cha kuigiza kisicho na dawa, hakichani ngozi. Chale huchana, na ngozi iliyochanwa inaweza kuingia vijidudu. Ndiyo maana huko Houston walioigiziwa hawakupewa nusu kaputi kama wenzao, walipewa dawa za kutuliza tu. Hatari ilipunguzwa lakini haikuondolewa.

Pia matokeo yalibebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Wagonjwa wa Moseley walikuwa karibu wote wanaume, na upasuaji wote ulifanywa na mtu mmoja. Na kuna goti ambalo halihusiki kabisa na mjadala huu: la kijana aliyeumia uwanjani, au lililokwama kwa kipande kilichojibana ndani hata halinyooki. Kumnyima huyo upasuaji kwa kutaja utafiti wa magoti yaliyochakaa ni kosa, na madaktari wa mifupa wana haki ya kukasirika wanapoona matokeo yakisomwa hivyo. Wala si kila upasuaji unadai jaribio la aina hii. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu anaona. Tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho, kuigiza kungekuwa ukatili mtupu.

Lakini pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Katika utafiti wa sindano za dawa iitwayo ranibizumabu kwa wazee waliokuwa wakipoteza uwezo wa kuona katikati ya jicho, uliochapishwa mwaka 2006, theluthi ya wagonjwa 716 waliigiziwa: jicho lilitiwa ganzi, kisha bomba lisilo na sindano likagandamizwa juu yake, mwezi baada ya mwezi. Baada ya mwaka mmoja karibu asilimia 95 ya waliochomwa dawa walikuwa wamenusurika kupoteza herufi 15 ubaoni. Kwa walioigiziwa, walionusurika hivyo walikuwa asilimia 62. Safari hii dawa ilifanya kazi, na wale wa kundi la kuigiziwa walilipa gharama ambayo hairudishwi. Goti lililosubiri miaka miwili laweza kupasuliwa mwaka wa tatu, lakini retina iliyokwisha kovu haisubiri mtu.

Hapo ndipo naweka mpaka, na nadhani ndipo unapaswa kuwekwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linaruhusu plasebo hata penye tiba iliyothibitishwa ikiwa kuna sababu nzito za kisayansi, mradi anayepewa asiongezewe hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebika. Kwa goti na bega, panapouma na kupoa, sharti hilo hutimizwa mara nyingi. Kwa jicho linalokufa mwezi hadi mwezi, kundi la kuigiziwa lapaswa kuwa dogo, muda mfupi, na kamati ya usalama iwe na mamlaka ya kusimamisha kila kitu dalili zikijitokeza. Hilo linawezekana. Utafiti wa miale ya leza kwa kisukari cha macho, ulioanza Marekani mapema miaka ya 1970, ulitibu jicho moja la kila mgonjwa na kuliacha la pili lilinganishwe. Mwaka 1976, ilipoonekana kwamba leza inapunguza upofu kwa zaidi ya nusu, macho yaliyoachwa yakaruhusiwa kutibiwa bila kungoja mwisho.

Nisichokubali ni dhana kwamba kutofanya utafiti ndilo chaguo la huruma. Miaka ya 1940 watoto njiti walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema. Ulipofanyika utafiti mjini Washington wa kuwapunguzia baadhi yao, wauguzi waliowaonea huruma wakawa wanafungua oksijeni usiku kwa siri. Oksijeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapofusha. Hadi jambo hilo lilipothibitishwa katikati ya miaka ya 1950, inakadiriwa watoto 10,000 hivi duniani walikuwa wamepoteza macho. Kila ninapomsikia mtu akisema kundi linganishi ni ukatili, nawakumbuka wauguzi wale, ambao hakuna anayeweza kuwashuku kwa ubaya wa moyo.

Mwaka 2014 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 53 za upasuaji wa kuigiza za fani mbalimbali. Katika 27, upasuaji wa kweli haukuupita wa kuigiza. Katika 26 ulizidi, mara nyingi kwa kiasi kidogo. Nusu kwa nusu: ukiwa na dhana nzuri juu ya upasuaji fulani wenye mantiki, wenye wagonjwa wenye shukrani, bado ni kama kurusha shilingi. Mwaka 2017 jopo la jarida hilohilo lilipendekeza kwa nguvu kwamba karibu watu wote wenye magoti yaliyochakaa wasifanyiwe athroskopia, yaani upasuaji huo wa kamera ndani ya goti, miaka 15 baada ya Houston.

Narudi kwenye Houston kwa namba moja iliyobaki. Waliostahili kuingia walikuwa 324, na 144 kati yao walikataa. Walikuwa na haki kamili, na hakuna aliyepaswa kuwashawishi zaidi. Ila ikiwa yeyote kati yao alikwenda kupasuliwa goti nje ya utafiti, alilipokea jaribio lilelile bila kundi linganishi, bila mtu wa kuhesabu matokeo yake, na bila faili lililomdai aandike kwa mkono wake kwamba huenda lisimsaidie.