Dakika tisa za Jimmy Rimmer

Filamu za makala kuhusu klabu zilizowahi kutwaa kombe la Ulaya zote zimepikwa chungu kimoja. Kinanda cha polepole, picha zenye chenga, wazee wenye mvi wanaovuta pumzi kabla ya kulitaja bao. Nazitazama hivyo hivyo. Wiki iliyopita nilikesha na ya Aston Villa, mabingwa wa Ulaya 1982, nikalala na kinyongo.

Kinyongo chenyewe ni Jimmy Rimmer.

Ni fainali, Mei 26, Rotterdam, Villa na Bayern Munich ya Breitner na Rummenigge. Dakika ya tisa tu, kipa Rimmer anashindwa kuendelea, shingo inamuuma. Huyu ndiye ambaye Villa walipobeba ubingwa wa England msimu wa 1980/81 hakukosa hata mechi moja ya ligi. Anaingia Nigel Spink, miaka 23, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amechezea kikosi cha kwanza mara moja tu, Desemba 1979. Bayern wanamiminika, Spink anadaka, anapangua, anajirusha. Dakika ya 67 Tony Morley anamgeuza beki pale kushoto, anatia krosi ya chini, na Peter Withe anaukuta mpira hatua chache toka golini. Anaupiga kwa ugoko. Unagonga mlingoti, unaingia. Moja bila. Sijapata kupenda bao baya namna ile.

Baada ya hapo kamera ni ya Spink, na siwalaumu sana. Kijana wa benchi akigeuka shujaa, nani ataacha kumfuata? Ila hebu fikiria yule mwingine. Mwaka 1968 Rimmer alikaa benchi Wembley, fainali ya kombe hili hili, Manchester United yake ikiitandika Benfica 4-1, wala hakuingia. Miaka 14 baadaye akarudi fainali, safari hii akianza, akacheza dakika tisa. Medali mbili za ubingwa wa Ulaya, dakika tisa jumla! Mimi ningekuwa na kamera ningekaa naye nusu saa nzima, nimuulize tu aliutazamaje mpira uliobaki.

Na kocha Ron Saunders je? Timu aliijenga yeye, akaondoka Februari baada ya kuvutana na uongozi juu ya mkataba, na msaidizi wake Tony Barton ndiye aliyekuwa benchi Rotterdam. Saunders naye hupitiwa haraka haraka.

Kisa kinachopewa nafasi ni cha baa. Wachezaji Colin Gibson na Gordon Cowans walilipeleka kombe baa wanywe nalo na mashabiki, likaibwa, likaja kuonekana kituo cha polisi Sheffield. Kombe la Ulaya, juu ya meza ya polisi! Nacheka kila nikikisikia, na safari hii nilicheka pia. Halafu nikatazama saa: wizi wa kombe ulikuwa umechukua muda mrefu kuliko Rimmer.