Ushauri tele, vyeo haba: ulezi wa kitaaluma na wanawake wa teknolojia

Mwaka 2010 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya Herminia Ibarra, Nancy Carter na Christine Silva, iliyotokana na uchunguzi wa wahitimu zaidi ya 4,000 wa shahada ya uzamili ya biashara, wanawake kwa wanaume. Wanawake ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba wana mtu wa kuwashauri kazini. Wanaume ndio waliopanda vyeo kwa wingi zaidi. Kwa mwanamume, ushauri uliishia kwenye cheo; kwa mwanamke, mara nyingi uliishia kwenye ushauri mwingine.

Sekta ya teknolojia ina sababu ya kuyasoma matokeo hayo mara mbili, kwa kuwa imewekeza sana katika dawa hiyohiyo. Kampuni nyingi kubwa za programu zina mpango wa kumkabidhi mhandisi mpya kwa mlezi wa kitaaluma, yaani mtu mzoefu wa kumshauri na kumwongoza kazini, na nyingi zina kundi la wanawake lenye mikutano ya kila mwezi, fulana na bajeti isiyozidi sana gharama ya hizo fulana. Hata hivyo, kampuni ya ushauri ya McKinsey walipotazama ngazi ya kwanza ya umeneja mwaka 2022, waliripoti kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa katika kazi za kiufundi, wanawake walikuwa 52 tu. Katika sekta zote kwa jumla walikuwa 86.

Je, basi mambo haya hayafanyi kazi? Yanafanya, ila si kazi ile tunayoyatuma.

Kazi wanayoifanya vizuri walezi ni kumzuia mtu asiondoke. Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi ulichapishwa mwaka 2017 na Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Waliwachukua wasichana 150 walioanza masomo ya uhandisi, wakawagawa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa mlezi msichana wa mwaka wa juu, wengine mlezi mvulana, wengine hawakupewa yeyote. Mwaka ulipokwisha, hakuna hata mmoja aliyeacha uhandisi miongoni mwa waliolelewa na wasichana wenzao. Kwa waliolelewa na wavulana waliacha asilimia 18, na kwa wasio na mlezi asilimia 11. Nisingeichukua tofauti kati ya 18 na 11 kuwa ushahidi kwamba mlezi mwanamume anadhuru, maana makundi yalikuwa madogo na chuo kilikuwa kimoja. Lakini ule ukweli kwamba hakuna aliyeondoka haupuuziki, na watafiti waliporudi kuwatazama baadaye wakakuta faida imedumu hadi kuhitimu.

Jambo ambalo wasimuliaji wengi wa utafiti huu huliruka ni kwamba alama za darasani hazikutofautiana. Walezi hawakuwaongezea wasichana hao hesabu. Waliwasaidia wasianze kujiona wageni mahali ambapo wavulana wamewazunguka pande zote. Mtu anayefaulu vizuri anaweza kuondoka kwa kuchoka kuwa peke yake, na hasara hiyo haitaonekana kwenye ripoti yoyote ya ufaulu.

Mitandao, yaani watu wanaofahamiana kikazi kama yale makundi ya wanawake, ina kazi tofauti kidogo, nayo ni kusafirisha habari. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi humfikia mtu kupitia wale anaowafahamu juujuu kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanyika kwenye LinkedIn, tovuti ya kuunganisha watu kikazi, kwa miaka mitano, yakihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20, na wazo hilo likathibitika kwa kiasi kikubwa, hasa katika sekta zilizozama kwenye dijitali. Kwa lugha ya kila siku, koneksheni ya mbali inalipa, na katika teknolojia inalipa zaidi.

Hapa ndipo mpinzani wa mitandao ya wanawake anapoingia, na hoja yake si ya kudharauliwa. Ikiwa siri ni kufahamiana na watu wengi wa mbali, kwa nini wanawake wajifungie na wanawake wenzao, ambao wengi wao hawako kwenye nafasi za kuamua lolote? Afadhali waende waliko wenye funguo.

Jibu liko nusu kwa nusu. Yang Yang, Nitesh Chawla na Brian Uzzi walichunguza mwaka 2019 mawasiliano ya wahitimu wa biashara wa chuo kimoja cha Marekani pamoja na kazi walizopata. Kwa wanaume, kuwa katikati ya mtandao mpana kulitosha. Wanawake waliopata nafasi kubwa walikuwa na vyote viwili: mtandao mpana kama wa wanaume, na ndani yake duara dogo la wanawake wa karibu ambao kila mmoja alikuwa na watu wake tofauti. Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Duara la marafiki watano wanaojuana wao kwa wao tu halikuwa na faida ileile.

Duara hilo linabeba habari zisizoandikwa kwenye tangazo la kazi. Meneja gani huwakatiza wanawake vikaoni. Kampuni ipi ilimpunguzia mhandisi majukumu aliporudi kutoka likizo ya uzazi, ikasema inamwonea huruma. Mshahara wa kweli wa nafasi hiyo ni kiasi gani, na aliyeishika kabla yako aliondoka kwa nini. Mwanamume anaweza kuingia kwenye usaili bila kujua lolote katika haya na asipoteze kitu.

Mwanasayansi wa kompyuta Anita Borg aliliona hilo mapema. Mwaka 1987, baada ya mkutano wa wataalamu wa mifumo endeshi ambapo wanawake walikuwa wa kuhesabika, alianzisha Systers, mawasiliano ya barua pepe ya wanawake wa fani hiyo. Mwaka 1994, yeye na Telle Whitney wakaanzisha mkutano wa Grace Hopper, wa wanawake wa fani ya kompyuta. Wanaosema mitandao hii ni ubaguzi wa kugeuza upande husahau kwamba wanaume wana wa kwao. Hauna jina tu. Zoë Cullen na Ricardo Perez-Truglia walichambua kumbukumbu za benki moja kubwa ya Asia na kukuta kwamba mwanamume akihamishiwa chini ya bosi mwanamume hupanda haraka zaidi, wakati mwanamke hapati tofauti yoyote bosi awe wa jinsia gani. Faida hiyo ilikuwa kubwa pale bosi na mfanyakazi walipokutana mara kwa mara. Hata mapumziko ya kuvuta sigara yalihesabika: mvutaji aliyepata bosi mvutaji alipanda haraka zaidi. Kwa makadirio yao, upendeleo huu wa wanaume kwa wanaume ulieleza zaidi ya theluthi ya pengo la vyeo katika benki hiyo.

Hadi hapo nipo upande wa mitandao. Lakini kuna mashtaka matatu ambayo watetezi wake huyajibu kwa haraka mno.

La kwanza ni kuhusu nani anayerekebishwa. Mpango wa ulezi humchukua mwanamke na kumfundisha kujieleza, kudai mshahara, kukubali kusifiwa. Kamati ya kupandisha vyeo haifundishwi kitu. Kama tatizo lilikuwa kwamba kazi yake ilipewa alama ndogo kuliko ilivyostahili, basi baada ya miezi sita ya mafunzo tutakuwa na mwanamke anayejieleza vizuri na kazi yake bado ina alama ndogo.

La pili ni kuhusu anayelea. Katika idara yenye wahandisi wakuu 20 na wanawake wawili kati yao, wasichana wote wapya watapelekwa kwa hao wawili. Kila wiki saa kadhaa zinakwenda kwenye vikao vya ulezi, majopo, picha za tovuti ya kampuni na usaili ambao lazima uwe na mwanamke mezani. Wenzao 18 saa hizo wanajenga mfumo mpya, na tathmini ya mwisho wa mwaka inauliza umejenga nini. Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake huombwa kazi zisizoleta cheo mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huzikubali mara nyingi zaidi. Ulezi usiohesabiwa kwenye tathmini ni mojawapo ya kazi hizo. Ni kejeli kwamba programu ya kuwainua wanawake huweza kuwakwamisha haohao waliofika.

La tatu ni fedha. Women Who Code, shirika la wanawake wa teknolojia lililoanza mwaka 2011 na kuenea nchi nyingi, lilitangaza Aprili 2024 kwamba linafunga kwa kukosa ufadhili. Miezi michache baadaye Girls in Tech nalo likafunga. Mwaka mmoja kabla, ajira za teknolojia zikiwa zimebana, mkutano wa Grace Hopper wa Orlando ulivamiwa na wanaume waliofuata meza za waajiri, hadi waandaaji wakalazimika kulisema hadharani. Mtandao unaoishi kwa michango ya kampuni hukauka wakati uleule watu wanapopunguzwa kazini na kuuhitaji zaidi.

Ukitaka kupima pande hizi mbili, pa kuanzia ni kazi ya Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly ya mwaka 2006, iliyofuatilia sehemu za kazi 708 za Marekani kwa miaka 31. Mafunzo ya kupunguza ubaguzi hayakuleta mabadiliko ya maana. Ulezi na mitandao ilileta kiasi, na si kwa wote sawa: mitandao iliwafaa kidogo wanawake weupe, ulezi uliwafaa zaidi wanawake weusi. Kilicholeta mabadiliko makubwa ni pale mtu au kamati ilipopewa jukumu la kufikia lengo na kutakiwa kutoa hesabu. Na penye jukumu hilo, ulezi na mitandao yenyewe ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwangu huo ndio uamuzi wa kesi: ulezi ni msaidizi mzuri wa uwajibikaji na mbadala mbaya wake.

Ndiyo maana siku hizi husemwa kwamba mwanamke anahitaji mdhamini kuliko mshauri, yaani mtu anayekaa kwenye kikao cha vyeo na kulitaja jina lake wakati yeye hayupo. Nakubali, kwa shaka moja. Udhamini ni upendeleo uliovaa suti. Unategemea mkubwa mmoja akupende; akihama, umebaki bila mtu. Tena humpa mkubwa huyo mamlaka juu ya riziki yako, na wanawake wanajua mamlaka hayo hutumiwaje wakati mwingine. Anayepinga koneksheni za wanaume hawezi kuzisifia bila kusita zinapobadilisha jinsia.

Njia moja ya kupunguza hatari hiyo ni kuufanya udhamini uwe sehemu ya utaratibu. Mwaka 2006 mradi wa programu huria wa GNOME, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ulipata waombaji 181 wa nafasi zake za majira ya joto zilizofadhiliwa na Google, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Walichoanzisha baada ya hapo, ambacho leo kinaitwa Outreachy, kinamlipa mtu kwa miezi mitatu, kinampa mlezi kutoka ndani ya mradi, na kazi anayoifanya inaingia kwenye msimbo ambao dunia nzima inauona. Mlezi hana haja ya kumsifia kwa mdomo. Jina lake limeandikwa kwenye kazi.

Ndani ya kampuni mambo ni magumu zaidi. Unaweza kumwamuru meneja alee watu kwa saa mbili kwa mwezi. Huwezi kumwamuru aweke heshima yake rehani kwa ajili ya mtu. Unachoweza ni kumtaka kila mwaka ataje majina aliyoyapendekeza kwa vyeo, miradi mikubwa na nyongeza, na kilichotokea kwa kila jina. Meneja ambaye orodha yake ni wanaume watupu kwa miaka mitatu mfululizo huenda ana maelezo ya haki kabisa, ila itambidi ayatoe mbele ya wenzake.